Sahani ya Pili

Kimaren aliagiza tena sahani mbili.

Bishal, mwenye mgahawa, alizileta mwenyewe, maana morani huyo hakutaka kuhudumiwa na Marsela. Moja aliiweka mbele yake. Nyingine aliiweka upande wa pili wa meza, mbele ya kiti kitupu, kama alivyoelekezwa siku ya kwanza. Mvuke ulipanda kutoka kwenye momo, vile vifuko vya unga vyenye nyama ya mbuzi ambavyo watu wa mji wa Karatu walikuwa wameshazoea kuviita sambusa za kuchemsha.

"Karibu," alisema Kimaren.

"Asante, starehe," alijibu Bishal, akarudi jikoni.

Jibu hilo alifundishwa na Marsela, binti kutoka Ganako aliyemsaidia kuhudumia. Mtu akiwa na chakula mbele yake humkaribisha kila anayepita, hata asiyemjua. Unashukuru, unapita zako. Ukikaa kweli, utaonekana mroho. Bishal alilishika somo hilo kuliko mengine yote, kwa sababu hakutaka mtu aseme Mnepali hana adabu.

Yaliyofuata yalikuwa yaleyale ya kila siku. Kimaren alikaa dirishani, fimbo magotini, akikitazama kile kiti. Chakula kikapoa. Hakugusa hata momo moja. Zamu yake ya kulinda kituo cha mafuta ng'ambo ya barabara ilipokaribia, alilipa, akaondoka.

Bishal alikuwa amepika miaka mingi kwenye hoteli ya watalii ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Mkataba ulipoisha hakurudi kwao. Aliuza shamba alilorithi, akapanga chumba cha Mzee Clemensi kando ya lami, akatundika picha ya mkewe na binti yao juu ya kaunta. Mgahawa ukisimama, wangemfuata. Ukifa, kibali chake cha kuishi nchini kingekufa nao, na kule nyumbani hapakuwa tena na shamba la kurudia.

Mwanzoni madereva wa watalii walijaa hadi nje. Kisha wakaanza kumwona morani dirishani na ile sahani isiyo na mtu, na mmoja mmoja wakahamia kwa jirani.

"Kwa nini hali?" Bishal alimwuliza Marsela. "Chakula changu kibaya?"

Marsela aliendelea kufuta meza iliyokuwa safi. "Kaka Bishal, morani hali peke yake. Huyu alikuwa na mwenzake, Moringe. Popote walipokula, walikula wawili. Mwaka jana Moringe akauawa na nyati kule Enguserosambu. Tangu hapo hakuna aliyemwona Kimaren akila hapa mjini."

"Kwa hiyo ile sahani..."

"Ndiyo hivyo. Watu wanasema wewe unampikia marehemu."

Bishal alicheka. Marsela hakucheka, na kicheko cha Bishal kikamfia mdomoni.

Alitamani kumfukuza. Lakini utamfukuzaje mteja pekee uliyebaki naye? Tena utamkatazaje mtu kumlilia rafiki yake? Siku moja alijikaza, akasimama kando ya meza.

"Ndugu yangu, huyo mwenzako atakuja lini?"

Kimaren alimtazama usoni. "Sijui," alisema. "Kwetu mtu havutwi mkono. Akiwa tayari atakaa."

Bishal alirudi jikoni upesi. Usiku huo hakulala.

Maneno ya mjini yakamfikia na Mzee Clemensi. Alikuja amevaa koti lake la kwenda kanisani, akakataa hata kuketi. Alisema hana ugomvi na mgeni, ila chumba chake hakiwezi kuwa makaburi. Ijumaa mchana angekuja kuchukua ufunguo.

Ijumaa asubuhi Bishal alimpigia mkewe, akamwambia asiendelee kufunga mizigo. Marsela alikuja kuaga, akalia kuliko yeye, akaondoka na sufuria aliyopewa kama kumbukumbu. Bishal aliivua ile picha ukutani, akaifunga kwa shati. Alikuwa amekwisha. Hata hasira hakuwa nayo tena.

Mchana, mlango ulisukumwa. Kimaren akaingia, akakaa palepale.

"Mbili," alisema.

Bishal alitaka kumwambia kwamba amefunga. Akaona hakuna maana. Palikuwa na momo chache za mwisho; akazipasha moto, akazigawa, akazipeleka. Moja huku, moja kule.

"Karibu," alisema Kimaren.

Jibu alilofundishwa na Marsela halikutoka. Bishal akavuta kile kiti kitupu, akakaa, akaiegemeza mikono mezani, na machozi yakaanza kumtiririka mbele ya sahani ya watu. Kwa kuwa alikuwa hajala tangu jana yake, na kwa kuwa sasa hapakuwa na adabu ya kulinda, aliokota momo moja akaitia mdomoni.

Akakumbuka alipokaa. Akainua macho kwa hofu.

Kimaren alikuwa ameiweka fimbo chini. Akachukua momo, akala. Akachukua nyingine, akala harakaharaka, mafuta yakimshuka kidevuni, huku akiisukuma ile sahani ya pili karibu zaidi na kifua cha Bishal.

Kivuli kilisimama mlangoni. Alikuwa Mzee Clemensi, mkono ameunyoosha.

"Nimefuata ufunguo."

Kimaren hakugeuka. "Ngoja kidogo, mzee," alisema, mdomo umejaa. "Huyu namkaribisha tangu mvua za vuli. Leo ndiyo amekubali kula na mimi."