Ufunguo wa Sukari

Hamadi alifungia sukari kabatini, ufunguo akautia mfukoni mwa kanzu, kisha akamsukumia mkewe Zuwena kikopo cha vidonge vya kutia utamu kwenye chai.

"Punguza mwili, mama. Watu wanasema."

Mtu mwenyewe tumbo lake limeegemea meza, na chai yake ina vijiko vitatu vya sukari!

Zuwena alikichukua kikopo. Ijumaa, ndugu za mumewe walipokuja, alimimina vidonge vyote ndani ya birika.

Kaka mkubwa alionja, akakunja uso. "Shemeji, chai gani hii? Kama nimelamba betri."

"Ndiyo chai ya nyumba hii. Muulize ndugu yako."

Vikombe vikarudi mezani. Wote wakamtazama Hamadi, na mkono wake ukaenda kuufunika mfuko.