Mwanafunzi wa Afande

“Mikono, binti! Angalia mikono, usiangalie uso. Uso unadanganya.”

Binti aliyevaa sare ya konstebo aliacha kumkodolea macho mchukuzi aliyekuwa akipita, akashusha macho hadi kwenye mikono yake. Ilikuwa imebeba trei za mayai.

“Huyu simwogopi,” alisema.

“Vizuri. Umeanza kuelewa.”

Huyo aliyekuwa akimfundisha, mtaa mzima wa maduka ulimwita Afande tu. Alikuwa mwanamume wa makamo, kitambi kimekaa vizuri juu ya mkanda mpana, suruali ya kaki imenyooshwa pasi mpaka inakata. Asubuhi hiyo alimkuta binti katikati ya barabara na redio yake ya mkononi, anageuka huku na huku kama mtu aliyepotezana na wenzake. Moyo ukamlainika. Akamuuliza kama ni mgeni. Binti akajibu kwa sauti ndogo kwamba hajawahi kupiga doria mtaa huu.

“Basi leo umepata baba,” Afande akamwambia. “Mimi nimestaafu, lakini mtaa haujastaafu.”

Na kweli alimfundisha. Alimwonyesha kutembea pembeni, karibu na ukuta, si katikati ya njia kama bibi harusi. Kabla ya kukata kona alimsimamisha, wakasikiliza kwanza. Akamwonya asipite njia ile ile kila siku, wala saa ile ile, maana mwizi naye anavaa saa. Na akimhoji mtu, asisimame uso kwa uso, asimame kwa ubavu, mbali kidogo na mkono wake.

“Halafu salamu, binti. Askari asiyesalimia hajui mtaa wake. Utajuaje jambo limeharibika kama hukulijua lilipokuwa zima?”

“Ndiyo, afande,” binti aliitikia kwa adabu. Kila akiitikia, kifua cha Afande kilizidi kujaa.

Mwenyewe hakuacha kusalimia. Mwenye duka alimpa mche wa sabuni kabla hajaombwa. Fundi viatu aliinuka akampisha kiti, kisha akamkabidhi viatu vyake, vimeng’arishwa. Hakuna aliyecheka naye.

“Wanakuheshimu sana,” binti alisema.

“Nawalinda. Ukiwalinda watu, wanajua namna ya kushukuru.”

Mlangoni kwa fundi cherehani, mama mmoja alikuwa akishona pindo la gauni kwa mkono. Alipomwona Afande akainamisha uso. Nyuma yake meza ya kushonea ilikuwa tupu.

“Mbona anashona kwa mkono?” binti aliuliza walipopita.

“Cherehani chake nimekichukua. Nilikitilia shaka, huenda ni cha wizi. Kitu cha namna hiyo kinaitwa kidhibiti. Liweke kichwani hilo.”

“Na kidhibiti kinahifadhiwa wapi, afande?”

“Kwangu, chumbani. Stoo za kituo zina panya.”

Binti aliitikia kwa kichwa polepole, kama anayemeza somo gumu.

Jua lilipokuwa kali, alisema anatakiwa kuripoti kituoni, lakini anaogopa. Akiulizwa asubuhi yote alikuwa wapi, atajibu nini?

“Twende wote, afande. Wakisikia ni wewe uliyenifundisha, nani atanigombeza?”

Afande akajikuna shingo. Alisema ana shughuli. Alisema kituoni siku hizi pamejaa vijana wasiomjua. Alisema na goti nalo linamsumbua.

“Haya,” binti alisema kwa unyonge. “Nilitaka tu na wao wakuone.”

Goti likapona.

Njiani alimpa somo la mwisho, la kumsindikiza mtuhumiwa. “Usimburute, usimtishe. Mpe maneno matamu, mwache atembee kama anayekwenda kwake. Atafika mwenyewe.”

“Hilo nimelishika, afande.”

Walipoingia kituoni, sajini wa zamu alichomoka nyuma ya kaunta, akagonganisha visigino, akapiga saluti iliyotikisa vioo vya dirisha. Afande aliguswa. Akavuta tumbo ndani, akainua mkono kuipokea.

Sajini alikuwa akimtazama binti.

“Inspekta,” alisema, “ndiye huyu anayejiita askari mstaafu?”

“Ndiye.” Binti alivua kofia, akajipepea nayo. “Mpe kiti kwanza. Mwalimu wangu ametembea sana leo.”