Somo wa Damu

Siku hizi kila mtoto hupewa somo wa damu, mtu mzima aliyezaliwa na kinga ya mwili kama yake, ili wazazi waone mapema maradhi gani huenda yakaja.

Somo yake Riziki ni Bi Mwanajuma, mshona kofia. Malaria haijawahi kumlaza, wala haijamlaza Riziki. Lakini kinga kali namna hiyo huweza kumgeukia mwenyewe. Ndiyo maana kila sikukuu ya Iddi, Saumu, mama yake Riziki, humwalika somo huyo chakula, apate kumchunguza.

Mwaka huu alianza kumchunguza mlangoni. Miguu haikuvimba, ngozi ilikuwa safi. Alimpa kikombe cha chai kilichojaa pomoni, na mkono haukutetemeka. Bi Mwanajuma alipapasa sinia kidogo kabla ya kuipata kaimati. Saumu akaona ni haya za mgeni.

“Hujambo kabisa, dada?”

“Namshukuru Mungu. Na huyu mwanangu Riziki anajifunza vizuri kushona. Ana mikono myepesi.”

Riziki alimshika mkono somo yake, akamsindikiza mpaka kwake. Saumu aliosha vyombo huku akiimba.

Mtoto aliporudi alikaa mkekani kushona kofia yake. Saumu akasimama kumtazama. Sindano ilipita tundu kwa tundu bila kukosea, na Riziki alikuwa amefumba macho.

“Fumbua macho, mwanangu, utajichoma.”

“Sijichomi, mama. Ndivyo somo anavyonifundisha. Anasema nianze mapema.”