Ngazi za Boma

Kwa miaka kumi na moja Badru alikuwa akiwatembeza wageni mji wa kale. Leo babake aliomba kufuatana nao. Walipofika kwenye boma la wakoloni, ambalo sasa ni makumbusho, Badru aliwageukia chini ya ngazi na kusema lile linalowafanya wageni wagune kila siku: "Wenyeji walilazimishwa kuvua viatu hapa kabla ya kupanda."

Leo hawakuguna. Walikuwa wakimtazama mzee, aliyekwisha kuvua makubazi yake na kuyapanga vizuri kando ya ngazi.

"Baba, vaa. Wazungu walishaondoka."

"Najua, mwanangu. Nitavaa nikitoka."

Akapanda taratibu, pekupeku. Badru aliinama akayaokota makubazi, akamfuata ameyabeba kwa mikono miwili.