Kitako cha Kopo

"Mama Dastani, leta kopo," alisema bwana wa vipimo. "Kuanzia leo sokoni hapa tunapima kwa kilo tu."

Makopo ya wauzaji wenzake pale sokoni Lisekese yalikuwa yameshapondwa. Yeye alilikumbatia la kwake.

"Kitako kimebonyea ndani," alisema yule bwana. "Linapunja watu."

Alijua. Ndiyo maana kila aliyenunua mbaazi alimwongezea konzi moja. Kitako alikibonyeza mwanawe Dastani, akilipiga kama ngoma kwa mchi, siku chache kabla homa haijamchukua.

Alivipapasa vile vibonyeo kwa kidole gumba, kisha akalitoa.

"Ponda ubavuni, mwanangu. Kitako kiache."

Bwana yule alilifudikiza kopo juu ya jiwe, kitako juu, akainua nyundo.