Mpira wa Maji

Gari la zimamoto la jiji lilipofika, watu waliliachia njia wakipiga makofi. Paa la Mama Tausi, fundi cherehani, lilikuwa linawaka upande mmoja.

“Fungulia maji, mwanangu, vyerehani vyangu vimo humo,” alimsihi Ngwada, askari wa kwanza kushuka.

Ngwada aliukunjua mpira wa maji polepole. Asubuhi waliamriwa kumwagilia maua mbele ya ofisi ya meya, kwa kuwa mgeni mkubwa anakuja, na tangi likabaki tupu. Mkuu wake alisema waende hivyo hivyo, watu waone gari.

Akafungulia. Mpira ulikohoa, ukatema tope kidogo, ukanyamaza. Makofi nayo yakanyamaza.

Nyuma yake mtu aliinama kuokota kitu. Ngwada hakuthubutu kugeuka aone kama ni ndoo au jiwe.