Jina Litakaloitwa

Alhamisi, tarehe 14 Julai 2005. Manyunyu tangu alfajiri, na baridi ya kukunja vidole. Anti Mbithe aliingia katika kliniki ya akina mama Ngara meno yakigongana, sweta lake zito amelifunga kiunoni.

"Si uvae hilo sweta, Anti?" Kasiva aliuliza.

"Kwani tumekuja kwa mambo yangu ama yako?"

Mambo, bila shaka, yalikuwa ya Kasiva. Harusi ilikuwa Agosti, na bibi harusi alikuwa amemnong'onezea shangazi yake kwamba huko chini hakuumbwa sawa: shavu moja la uke ni refu kuliko la pili. Anti Mbithe, mwalimu wa maharusi kanisani kwao Dagoretti, aliyewafundisha wasichana kila kitu isipokuwa hicho chenyewe, alikosa usingizi. Mbuzi wa mahari walikuwa wameshaliwa. Mbuzi aliyeliwa hurudishwaje? Basi wakaja Ngara, mbali na macho ya washirika.

Kasiva alikwenda dirishani kuandikisha jina. Anti akabaki kwenye benchi, amekalia ukingo tu, akiwaombea kimoyomoyo wote waliohitaji maombi, yaani kila mtu isipokuwa yeye.

Muuguzi akatoka kutoa mafunzo ya asubuhi. "Akina mama, mashavu ya uke hayalingani. Hata masikio yenu hayalingani. Ute usio na harufu mbaya ni kawaida. Lakini uvimbe, kidonda kisichopona, muwasho usioisha, damu isiyo ya wakati wake, hata tone moja: njoo."

Usikivu wa Anti ulikuwa umeishia kwenye masikio.

"Eti masikio!" akamwambia mama aliyeketi kando yake. "Hawa watoto wa vyuo! Mimi hedhi ilinikoma kitambo. Mwaka huu Bwana amenirudishia ujana, kama Sara. Nilikimbilia daktari? Nilitoa ushuhuda, kanisa zima likapiga makofi."

Yule mama hakupiga makofi. Alimtazama, akatazama sweta, kisha akatazama sakafu.

Kasiva akarudi akitetemeka. "Anti, naogopa. Turudi tu nyumbani."

"Urudi wapi? Daudi alimtoroka Goliathi?"

"Nikiitwa nitakimbia, mimi najijua. Labda uniahidi utanishikilia."

"Nakuahidi."

"Si hivyo. Ahidi kama kanisani, watu wasikie."

Anti Mbithe hakuwahi kukataa kusimama mbele ya watu. Alisimama, akakaza sweta kiunoni, akainua mkono wa kulia. Hata muuguzi akageuka kumtazama.

"Mbele za Mungu na mbele za hawa akina mama," alisema kwa ile sauti ya ushuhuda, "naahidi: kati yetu wawili, jina litakaloitwa, mwenye jina ataingia mlango ule. Atapanda kitanda. Hatatoka mpaka daktari amalize. Na mwenzake atamshikia mkoba!"

"Amina," benchi zima likaitikia, na mama wa kando kwa sauti kuliko wote.

Mlango ukafunguka.

"Mbithe Mutinda!"

Kasiva, ambaye sasa hakutetemeka hata kidogo, alinyoosha mkono kupokea mkoba.